Duka la Pranlal Ndani ya Banda la Kalisti

Kamera ile aliileta Taufiq kutoka Dubai, na kabla haijafungwa popote mji mzima ulikuwa umeshapata habari zake, maana Taufiq hajawahi kuleta hata betri za tochi bila kutangaza. Alikuwa na duka la redio na pasi mkabala na duka la vitambaa la Mzee Pranlal, pale mji wa Shinyanga unapoishia na Ngokolo inapoanza. Alisimama barazani na boksi lake, akamwambia kila aliyepita kwamba ndani mna jicho la kulinda duka, tena halina waya.

"Picha inapita hewani," alisema. "Inatoka dukani, inaingia kwenye televisheni ya mwenye duka, sebuleni kwake. Waya za nini siku hizi?"

Mzee Pranlal, ambaye wengi tulimwita Baba Khushbu kwa jina la binti yake aliyeolewa Mwanza, aliinunua siku hiyohiyo. Alikuwa na sababu zake. Baba Khushbu ni mtu mzuri, sitamsema vibaya, lakini alikuwa na mambo mawili yasiyopatana. Kwanza, hakumwamini mtu yeyote karibu na vitambaa vyake. Pili, akishakula chakula cha mchana alikuwa hawezi kabisa kuzuia usingizi. Kwa hiyo kila alasiri alipanda ghorofani, sebuleni kwake, kulala, akamwacha Esta peke yake dukani, na kila alasiri alilala kwa wasiwasi. Taufiq alimuuzia dawa ya wasiwasi. Kuanzia hapo mzee akawa analinda duka akiwa kwenye kochi, mbele ya televisheni, mdomo wazi, akikoroma.

Esta huyo alikuwa binti kutoka kijiji cha Mhunze, Msukuma wa watu, mpole, mlokole, mwenye mkono mwepesi wa kupima kitambaa. Alianza kumfanyia kazi mzee tangu duka lile likiwa na rafu mbili tu. Wakati wanawake wa wachimbaji walipoanza kushuka kutoka Geita, waume zao wakiwa wamebahatika, na kununua vitenge kama watu wanaonunua mchicha, ni Esta aliyejua nani anapenda maua makubwa na nani anataka rangi isiyoonyesha tope. Mimi namkaangia mihogo miaka yote hiyo. Sijawahi kumsikia akimsengenya mtu, jambo ambalo, kwa msichana anayefanya kazi dukani, linakaribia kuwa ugonjwa.

Mihogo yangu naikaangia mlangoni kwa banda la video la Kalisti, nyuma tu ya maduka hayo. Kalisti alikuwa na mlingoti wa mkaratusi mrefu kuliko mnara wa kanisa, na juu yake antena aliyoitengeneza mwenyewe kwa mabomba na sufuria. Alitaka kunasa vituo vya televisheni vya mbali. Alichonasa siku zote kilikuwa chenga, na mara mojamoja sauti ya mtu anayesoma habari kama yuko ndani ya kisima. Kwa hiyo tulitazama kanda, filamu za Kichina na za Kihindi, na Donatus alisimama pembeni ya kioo na fimbo yake akitutafsiria.

Lazima nieleze habari za Donatus, ingawa angependa zaidi ajieleze mwenyewe. Alitoka Buseresere, akaenda kuchimba Geita, duara lao, yaani shimo lao la kuchimba, likatoa maji mahali pa dhahabu, akaja Shinyanga hana kitu isipokuwa mdomo. Kichina hajui. Kihindi hajui. Lakini kazi ya mtafsiri wa banda si kujua lugha, kazi yake ni kutazama midomo inavyokwenda na kusema jambo linalofaa, na Donatus alisema mambo yaliyofaa kuliko yale waliyoandikiwa wale waigizaji. Alibadilisha sauti ya mzee, ya mke mkorofi, ya askari, ya mtoto. Watu walilia machozi. Na wakitoka pale walisimulia maneno ya Donatus kama maneno ya filamu yenyewe. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ndivyo ilivyosemwa, kwa sababu mtafsiri ndiye aliyesema.

Sasa, siku moja mwezi wa Septemba, mwaka ule wa tisini na nane, mvua kubwa zikiwa zimeshatuacha na madaraja yetu yamelala, kanda ilikwama katikati ya ugomvi. Watu wakapiga miluzi. Kalisti, ili kuwatuliza, akahamia kwenye chenga zake, akatoka nje kuuzungusha mlingoti. Akauzungusha upande wa mjini. Kutoka kwenye chenga ikatoka rafu. Kisha majora ya vitenge. Kisha kichwa chenye upara, kikionekana kutoka juu.

"Jamani," akasema mama mmoja, "hilo si duka la Baba Khushbu?"

Lilikuwa lenyewe. Na Baba Khushbu mwenyewe, mtu ambaye huwezi kumkuta na kifungo cha shati kimefunguka, alikuwa ameegemea kaunta anachokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti. Alichokonoa, akakitazama alichokipata, akakirudisha mdomoni. Banda zima likalia kwa kicheko. Nilicheka nikashika ubavu, na mtu asiyecheka siku ile alihitaji kupelekwa hospitali.

Picha ilikuja bila sauti. Hilo lingekuwa tatizo kwa banda jingine lolote. Donatus alichukua fimbo yake, akasogea mbele, akakohoa.

Basi ndivyo tulivyopata filamu mpya, kila alasiri, isiyo na mwisho. Kalisti akapunguza kanda za Kichina. Donatus akamfanya Baba Khushbu kuwa broka wa dhahabu mwenye roho ngumu: "Mama, jiwe lako hili ni udongo mtupu, kalirudishe kwenye karasha likasagwe upya!" kumbe mzee wa watu anapima tu shuka. Sauti ya Esta aliitoa kwa upole wa ajabu. Esta wa Donatus alikuwa na maneno matamu, mwerevu, mwenye madaha kidogo, na nilipomtazama Donatus anavyofunga macho akimsemea, nikaelewa kwamba kijana ameshapotea. Esta mwenyewe hakujua lolote. Mlokole haingii banda la video, na wakati sisi tunamtazama yeye yuko kazini.

Ukifikiri vizuri ilikuwa hatari tupu. Mtu alinunua mlinzi, na mlinzi akawa anaeleza kila kitu kwa jirani. Ngokolo nzima ilijua kwamba ufunguo wa sanduku la chuma unakaa ndani ya kopo la unga wa dengu. Tulijua mlango wa nyuma una komeo bovu. Tulijua mzee anapanda kulala saa ngapi. Mwizi mwenye akili angenunua mihogo yangu, akaketi, akajifunza. Bahati ya Baba Khushbu ni kwamba wezi wetu siku zile walikuwa hawana hamu na kitu kisicho na magurudumu mawili. Na hakuna aliyetaka kumwambia, maana siku atakayojua ndiyo siku filamu itakwisha.

Likaja jambo la Ijumaa.

Ijumaa hiyo, sikukuu ya taa ya Wahindi ikiwa inakaribia, Baba Khushbu alionekana akizungumza na Esta kwa muda mrefu. Alirusha mikono, akaonyesha majora ya chini, akaonyesha mgongo wake, akaonyesha barabara. Baadaye tulikuja kujua alikuwa anamweleza habari za panya walioingia kutoka mtaroni wakatafuna kitambaa, na jinsi mgongo unavyomuuma kwa kuinama kuwatafuta. Lakini Donatus hakuwa na habari za panya. Aliona mzee, majora, mgongo na barabara, akafanya kazi yake.

"Esta," alisema kwa sauti nzito ya Baba Khushbu, "kwa heshima ya sikukuu yetu, Jumatatu kila mama atakayekuja na mtoto mgongoni apimiwe kitenge kwa nusu bei!"

Na kwa sauti ya Esta: "Mzee wangu, Mungu akuzidishie."

Watu walipiga makofi. Wakaenda nyumbani. Wakaeleza.

Jumatatu asubuhi sijawahi kuiona Ngokolo na watoto wengi vile. Wenye watoto walibeba wa kwao. Wasio nao waliazima. Kulikuwa na bibi mmoja, simtaji kwa sababu tunasali pamoja, aliyembeba mgongoni mjukuu wa darasa la pili, miguu inaburuza vumbini, mtoto mwenyewe anatafuna muwa. Walijaa barazani, wakajaa barabarani. Baba Khushbu alitoka na futi ya kupimia shingoni, akasimama.

"Nini hii?" akauliza. "Kliniki iko kule chini."

"Tumekuja kwa nusu bei, Baba Khushbu," akasema yule bibi. "Ile uliyomwambia Esta Ijumaa."

"Nilimwambia Esta?"

"Ijumaa alasiri. Pale kwenye majora ya chini. Ukashika na mgongo."

Mzee akageuka taratibu kumtazama Esta. Ni kweli alizungumza naye Ijumaa alasiri. Ni kweli walisimama kwenye majora ya chini. Ni kweli alishika mgongo. Na dukani hapakuwa na mtu mwingine ila wao wawili. Esta naye alikuwa anamtazama yule bibi kwa mshangao, hata yeye hajui watu hawa wameyapata wapi. Akina mama wakatazamana. Wote walijua. Hakuna hata mmoja aliyesema. Wakaanza kurudi nyuma mmojammoja, watoto mgongoni, hadi baraza likabaki na maganda ya muwa.

Alasiri hiyo banda lilijaa kupita kiasi, watu wakitaka kuona mwendelezo. Baba Khushbu hakupanda kulala. Alisimama mbele ya Esta na kidole. Kidole kikaenda kwenye rafu, kikaenda barabarani, kikarudi kwa Esta. Esta alikuwa anatikisa kichwa. Halafu tukaona ameinua pindo la kitenge chake akafuta macho.

"Donatus!" watu wakaita. "Tafsiri!"

Donatus alisimama na fimbo. "Mzee anasema..." alianza, kwa ile sauti nzito. Kisha akanyamaza. Watu wakapiga miluzi. Akakaa chini kwenye benchi la mbele kama mtu aliyepigwa na jua.

Baada ya kitambo Esta akatokea kwenye kona ya banda, anaelekea nyumbani. Aliponiona akashindwa kupita.

"Mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "nimeambiwa mimi ni msaliti."

Nilimkalisha kwenye kigoda changu.

"Mzee anasema natoa siri za duka nje," akaendelea. "Anasema nimewatungia watu uongo ili wamfanyie fujo. Kesho nisipokwenda na jina la mtu anayenituma, nisirudi. Na atawaambia wenye maduka wote mjini sababu ya kuniacha. Kazi nitapata, mayu, hata kupalilia pamba kwetu. Lakini nikirudi Mhunze nikiitwa mwizi, mama yangu nitamtazamaje?"

Hapo hasira ilinipanda, na mimi nikikasirika nasema yote. Nikamweleza. Mlingoti, chenga, kamera, banda, Donatus. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yanakauka yenyewe usoni.

"Na sauti yangu alikuwa anaitoa nani?" akauliza.

"Donatus."

"Nilikuwa nasema nini?"

"Maneno mazuri tu, mwanangu. Kidogo kwa madaha."

Aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, akaingia bandani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Watu walipomwona waliketi wima kama darasa aliloingia mwalimu. Kwenye kioo Baba Khushbu alikuwa amekaa peke yake nyuma ya kaunta, mikono kichwani. Esta alimtazama kidogo, kisha akamtazama Donatus.

"Twende," akasema.

Donatus alimfuata. Muda si mrefu tukawaona wote wawili wanaingia ndani ya kioo, Esta mbele, Donatus nyuma ameshika kofia. Ilikuwa ajabu kumwona mtafsiri ndani ya filamu, mdomo unakwenda na hatusikii kitu. Alionyesha juu, kwetu. Baba Khushbu akatazama juu, na nakuambia watu wazima waliinamisha vichwa, wengine wakajificha nyuma ya wenzao. Kalisti akajaribu kuchukua fimbo atafsiri yeye: "Mzee anasema... anasema..." Wakamrushia maganda ya karanga akaacha.

Mzee alimwita Taufiq kutoka ng'ambo ya barabara. Taufiq alikuja, akatikisa kichwa, akaapa kwa mikono miwili. Esta aliniambia baadaye alivyosema: haiwezekani, picha inajua nyumba yake, haiwezi kuingia kwa mtu mwingine, labda hawa wana uchawi. Baba Khushbu akawasikiliza wote. Yeye ni mfanyabiashara. Ukimletea dhahabu haitazami kwa macho, anaisugua. Akawatoa wote watatu nje, wakabaki barazani, akafunga mlango kwa ndani. Akabaki peke yake na sisi.

Alizunguka duka akifikiri. Alitazama rafu hii, akatazama ile. Kisha akavuta gagulo la kike kutoka kwenye rafu ya nguo za ndani, akalikung'uta, akalivaa kichwani. Akalizungushia kama kilemba. Akasimama chini kabisa ya kamera, akatukodolea macho, akainama kushoto, akainama kulia, akatoa ulimi wote nje.

Siwezi kueleza kilichotokea bandani. Benchi mbili zilianguka. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa aliyetambaa kwenda nje kutafuta hewa. Na Baba Khushbu, akiwa na uso wa hakimu, akalivua lile gagulo, akalikunja likawa kama jipya, akalirudisha mahali pake, akafungua mlango.

Tukamwona anazungumza na Esta. Esta akatoka mbio. Bado tulikuwa tunajipangusa machozi ya kicheko alipofika mlangoni petu, anahema.

"Mzee anasema aje mtu mmoja," alisema. "Mmoja tu, asiwe Donatus. Amwambie alichofanya akiwa peke yake. Asipopatikana, anasema mimi ni mwongo mara ya pili."

Kicheko kikaisha.

"Esta, dada yangu," akasema Kalisti, "sisi hapa tunaangalia kanda." Nyuma yake, kwenye kioo, Baba Khushbu alikuwa ameketi kwenye stuli, anasubiri.

Esta aliwatazama mmojammoja. Yule bibi wa mjukuu alikuwepo, akaanza kutafuta kitu chini ya benchi. Na tuseme ukweli, si filamu tu iliyowafunga midomo, wala si aibu ya kukubali kwamba wamekuwa wakimchungulia mtu. Ni lile jambo lenyewe. Utamwendeaje mzee wa rika la baba yako, umsalimie kwa heshima, kisha umwambie nimekuona umevaa gagulo? Kwetu hata jina la vazi hilo halitamkwi mbele ya baba. Kwa mkwe ndiyo usiseme kabisa, utalipa mbuzi. Mzee alichagua vizuri. Alichagua jambo ambalo hakuna mtu angelibuni, na hakuna mtu angeweza kulisema.

Esta akasubiri. Hakulia. Aligeuka aondoke, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu anayekwenda kufunga mzigo wa kurudi Mhunze. Nikaepua karai, nikafuta mikono, nikamfuata.

Dukani walikuwa wamesimama wote, Donatus pembeni, Taufiq kwenye kaunta. Nilipiga goti kidogo kama ninavyopaswa.

"Shikamoo, Baba Khushbu."

"Marahaba, Mama Davis. Umeacha mihogo?"

"Nimeiacha, Baba." Nikatazama sakafu. Mdomo wangu huu, ambao watu wanausema sana, ulikuwa mzito kama una kokoto. "Baba, naomba unisamehe. Ulivaa gagulo kichwani."

Baba Khushbu akaivua futi yake shingoni.

"La rangi gani?" akauliza polepole.

"Televisheni ya Kalisti haina rangi. Lakini lina lesi mbili pindoni. Ulilizungusha kama kilemba, ukainama kushoto, ukainama kulia, ukatoa ulimi."

Taufiq alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi, kikohozi kikamkaba kweli. Baba Khushbu hakumtazama. Uso wake ulikuwa unabadilika kidogokidogo, na mimi niliyekuja na hasira nikamhurumia.

"Mmeniona," alisema.

"Tumekuona."

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba. Siku ya kwanza ulikuwa unachokonoa meno."

Alifumba macho. Nilidhani atauliza habari za ufunguo, au za sanduku, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angeuliza. Alipofumbua akamtazama Esta, lakini swali akaniuliza mimi.

"Na nikilala? Mimi nikiwa nimelala, huyu anafanya nini?"

"Ukilala, Baba, Esta anapima kitambaa vilevile kama uko macho. Tumemtazama watu wengi kuliko wewe, siku nyingi kuliko wewe, maana wewe ulikuwa unakoroma. Sijaona siku amejikatia hata kipande cha kufungia kidonda. Banda zima ni mashahidi wake, ila ni mashahidi waoga."

Taufiq, kwa kuona aibu au kwa kutaka kuokoa jina la bidhaa yake, alipanda kwenye stuli akanyoosha mkono kuichomoa kamera.

"Acha," akasema Baba Khushbu.

"Lakini Mzee, bado wanatuona."

"Najua wanatuona. Wameniona nikimnyooshea kidole. Waone na hili."

Akatoka nyuma ya kaunta. Nimemjua mtu huyo tangu nikiwa msichana, na sijawahi kumwona akitoka nyuma ya kaunta kwa ajili ya mtu isipokuwa mkuu wa wilaya. Alisimama mahali palepale alipotoa ulimi, chini kabisa ya kamera, akamgeukia Esta, akakutanisha viganja vyake kifuani, akainamisha kichwa.

"Esta, mama," alisema. "Nimekukosea. Kazi ni yako, na duka hili halina mtu mwaminifu kuliko wewe. Mimi nikiwemo."

Esta hakumjibu mara moja, na nilimpenda kwa hilo. Alimwacha ainame kidogo. Kisha akasema amesikia, na kesho atakuja kufungua duka kama siku zote, lakini leo anakwenda kulala. Donatus akafungua mdomo aseme kitu. Esta akampita, akasimama chini ya kamera, akainua uso, akasema maneno machache akiitazama. Halafu akatoka.

Niliporudi bandani, chenga zilikuwa zimesharudi kwenye kioo. Taufiq alikuwa ameichomoa. Karai langu lilikuwa limepoa, na mtu alikuwa amekula vipande vyangu vya juu. Watu hawakuwa wameondoka. Donatus aliingia nyuma yangu, na kwa mazoea wote wakamgeukia yeye.

"Alisema nini?" Kalisti akauliza. "Esta. Alipotutazama, alisema nini?"

Donatus alitikisa kichwa. Akaenda kuchukua fimbo yake, akaiegemeza ukutani kwenye kona, akakaa. Kwa hiyo niliwaambia mimi, neno kwa neno, bila kubadilisha sauti.

"Amesema: mimi sikusema kitu. Maneno yote yalikuwa yenu."

Kalisti akainama akazima televisheni. Siku hiyo hakumrudishia mtu kiingilio, wala hakuna aliyemdai.